Paka Aliyebeba Vumbi la Shimo la Nne

Haya yote ni kweli tupu. Kama kuna neno moja humu nimelipika mwenyewe, ulimi wangu na ukauke kama soli ya kiatu kilichosahauliwa juu ya bati. Mengi nilikuwepo yakitokea. Yale ambayo sikuwepo nimeyapata kwa Mme Nthofela (kwetu mama ni Mme, na baba ni Ntate), na Mme Nthofela hajui kusema uongo. Angejua, serikali ingekuwa imekwisha kumpa kitu.

Jumanne ya pili ya mwezi wa Juni, saa moja na nusu asubuhi, Mme Nthofela alikuwa anakoroga uji mchachu jikoni kwake Thabong, pembeni ya mji wa Welkom. Jiko la makaa lilikuwa linatoa moshi ndani kwa sababu bomba lake lilipasuka tangu Pasaka. Mumewe, Ntate Tshediso Mosia, alikuwa bado kitandani. Kwa miaka kumi na tisa mama huyu alijua mumewe ameamka kwa kumsikia akikohoa. Kikohozi kilianzia chini kabisa, kikapanda taratibu kama lifti ya mgodi, kikasimama kooni, kikafunguka. Asubuhi hiyo kilisikika vilevile, ila kilikuwa chembamba na kilitokea nyuma ya miguu yake.

Akageuka. Aliyekuwa anakohoa ni paka.

Paka huyo aliitwa Tladi, yaani radi, ingawa hakuna mtu aliyewahi kumwona akikimbia. Alikuwa wa kijivu, mnene, na tangu baridi ianze alikuwa analala kifuani mwa mzee. Sasa alisimama katikati ya jikoni, miguu minne ameitanua, akakohoa mara tatu, akatema sakafuni vumbi kiasi cha kijiko cha chai. Lilikuwa kavu. Mwanga wa dirisha ulipoligusa lilimetameta kidogo, kama linavyometameta vumbi la mwamba likitoka kwenye tundu la keekee.

"Nimefua shuka za mzee miaka kumi na tisa," Mme Nthofela akamwambia. "Sasa na wewe unataka sakafu?"

Akachukua ufagio.

Tshediso alitoka chumbani amesimama wima. Akakaa, akala bakuli mbili za uji bila kupumzika katikati. Halafu akavuta pumzi ili aone. Pumzi ikashuka mpaka chini, ikagusa tumbo, ikarudi bila kukwama popote.

"Imetoka," akasema.

"Naona. Imehamia kwa Tladi."

"Pole yake."

"Haya, ongeza sukari, kikao cha kanisa ni saa tatu."

Tshediso alitoboa mwamba miaka ishirini na sita katika Shimo la Nne la mgodi wa Goedewil, na ile ya mwanzo walitoboa pakavu, bila maji, kwa sababu maji yalichelewesha kazi. Siku walipomwachisha kazi, daktari wa mgodi alimwonyesha picha ya mapafu yake kwenye kioo chenye taa. Vumbi, daraja la pili. Karatasi zikapelekwa kwenye ofisi ya fidia ambayo watu wa kwetu huiita Ofisi ya Mapafu, faili likafunguliwa, na tangu siku ile kila akiuliza aliambiwa faili linashughulikiwa. Bima za afya zilimkataa mlangoni. Moja ilimkataa kwa simu, alipokuwa bado anakohoa kabla ya kutaja jina.

Wiki ile ya Juni aliimba besi kanisani mpaka vioo vikatetemeka. Alipanda juu ya bati akaziba bomba la moshi. Alikwenda dukani kwa miguu akarudi na gunia la unga begani. Majirani wakamwambia, "Umependeza, Ntate," wakaendelea na shughuli zao. Tladi alikonda mpaka mbavu zikahesabika, na kila asubuhi Mme Nthofela alizoa kijiko chake cha vumbi akalimwaga nyuma ya choo.

Siku ya nane mama akaweka ufagio chini.

"Paka huyu atakufa," alisema. "Na akifa, hilo vumbi litakwenda wapi?"

Tshediso akamwinua Tladi magotini. Mtu aliyefanya kazi chini anajua kuwa mwamba ukiporomoka vumbi halipotei, linatafuta pa kutua.

"Litarudi kwa mwenyewe," mama akajijibu. "Na likirudi mara ya pili hutaliweza. Mpeleke kwa daktari."

Akampeleka mjini ndani ya mfuko wa sokoni, kichwa kikiwa nje. Daktari wa mifugo alikuwa mama wa Kikaburu, Dokta Marlize, mwenye mikono iliyochanwachanwa na paka wa watu. Alimpiga Tladi picha, akaiweka kwenye mwanga, akaitazama muda mrefu.

"Alifanya kazi shimo gani?"

"La Nne. Goedewil."

"Baba yangu alikuwa nyapara La Pili," Dokta Marlize akasema. "Alikufa na picha kama hii." Akaizima taa. "Anahitaji sanduku la oksijeni mara tatu kwa wiki, Ntate. Bila hilo baridi hii hataimaliza. Bei yake usiniulize, utazimia hapa nami sitibu watu. Nenda kamkatie bima kwanza, nitamwandika kuwa ameanza kutibiwa siku itakapoanza."

Pale mapokezi palikuwa na kishubaka cha vipeperushi vya bima za paka. Tshediso akachukua kimoja kimoja cha kila aina. Vilikuwa vitatu.

Kwetu Thabong hakuna anayeingia bima bila Mme Selloane, mweka hazina wa chama cha mazishi. Amezika watu mia nne na hajawahi kukosea idadi ya sufuria. Alikuja jioni ileile, miwani yake imefungwa kwa mpira wa suruali, akavipanga vile vipeperushi juu ya meza. Nami nilikuwepo, nilikuwa nimepita kuazima nyundo. Kimoja kilikuwa na picha ya mwavuli, cha pili moyo, cha tatu msichana amemkumbatia paka.

"Tuanze na Mwavuli," akasema. "Huyu analipa ajali. Paka akigongwa na gari, akianguka ukutani, akiumwa na mbwa."

"Na vumbi?" Mme Nthofela akauliza.

"Vumbi siyo ajali."

"Ilikuwa ajali," Tshediso akasema. "Ya polepole tu."

Mme Selloane akageuza karatasi, akaigeuza tena. "Polepole hawana. Wanataka tarehe na saa." Akauweka Mwavuli kando. "Haya, Moyo. Moyo analipa magonjwa. Saratani, figo, macho, meno... Jamani, meno! Mimi nimebakiwa na sita, kuna mtu aliyewahi kuniuliza? Lakini ugonjwa usiwe umeanza kabla ya kutia saini."

"Si mseme umeanza Jumatano," nikasema.

Mme Selloane akanitazama juu ya miwani. "Wewe ndiyo maana chama kilikufukuza."

"Nilijitoa mwenyewe."

"Ulijitoa tulipokukuta umemwandikisha shangazi aliyekwisha kufa. Kunywa chai yako."

Nikanywa. Akafungua cha Msichana, akasoma kwa kidole, mstari kwa mstari, midomo ikicheza. Alipofika chini kabisa alivua miwani.

"Ndugu zangu, hii sasa ndiyo bima. Anapokea na ugonjwa wa zamani, bora ueleze umetoka wapi. Oksijeni imo. Picha za kifua zimo. Kitanda kimo. Na akifa kuna sanduku, kibao cha jina na barua ya pole."

"Ng'ombe?" Mme Nthofela akauliza, maana bima nzuri ya kwetu hutoa ng'ombe wa kuchinja.

"Ng'ombe hakuna."

"Hema?"

"Mama, paka ana wageni wangapi?"

Tshediso alikuwa amekaa na Tladi mapajani, anamsugua mgongo ili akohoe vizuri. "Mme Selloane," akasema, "kwenye chama mtu anaandikisha mpaka wategemezi kumi. Mimi siwezi kuandikwa humo? Mtegemezi wa paka?"

"Swali zuri." Akapiga simu palepale. Kijana aliyepokea alikuwa na adabu sana. Alimsikiliza mpaka mwisho, akaomba dakika moja, akarudi, akasema samahani, binadamu hawamo kwenye mpango wowote, lakini wakiwa na paka wa pili watapunguziwa bei.

"Hatuna wa pili," Mme Selloane akasema, akakata.

Akajaza fomu kwa mkono wake, herufi kubwa kama za mlangoni pa duka. Jina, Tladi. Rangi, kijivu. Umri, miaka sita. Alipofika penye ugonjwa na chanzo chake aliandika yote: vumbi la mgodi, daraja la pili, Shimo la Nne, Goedewil, kutoboa pakavu, tangu mwaka 1987.

"Uandike yote hivyo?" Mme Nthofela akauliza.

"Yote. Anayeficha ugonjwa anaiba sufuria ya marehemu. Hiyo ndiyo kanuni ya kwanza ya chama."

Hilo ndilo lililokuwa kosa, na pale mezani hapakuwa na mtu wa kuliona. Mimi nilikuwa nimekwisha kuambiwa ninywe chai.

Kadi ikaja kwa posta, ina picha ya Tladi amefumba jicho moja. Mwezi wote wa Julai alikwenda mjini Jumatatu, Jumatano na Ijumaa. Sanduku la oksijeni lilikuwa na mlango wa kioo, blanketi safi na taa ndogo ya bluu. Tshediso alikaa nje yake kwenye kiti, kofia magotini. Kwa miaka yote aliyokuwa na vumbi hakuwa amewahi kuliona sanduku kama lile, la saizi yoyote.

"Tamu?" alikuwa anamuuliza kupitia kioo.

Tladi alikuwa anafumba macho. Akaanza kula tena. Vumbi la asubuhi likapungua, likawa nusu kijiko.

Mwisho wa mwezi bima ikamtuma mkaguzi, Bwana Coetzer, mtu mpole mwenye suti ya kahawia na kigugumizi kidogo. Alivua viatu mlangoni ingawa hakuna aliyemwambia. Akampima Tladi kifua kwa utepe, akamsikiliza kwa chombo cha masikioni, akaomba aonyeshwe vumbi. Mme Nthofela akamletea la asubuhi ile kwenye kisosi. Alilisugua kati ya vidole viwili.

"Walitoboa kwa maji au pakavu?"

"Pakavu," Tshediso akasema.

"Mgodi uliwapa vitambaa vya pua?"

"Ulitupa. Tulivitumia kuwekea sigara."

Bwana Coetzer akaandika. Akanywa chai, akasifu biskuti. Kisha akaeleza, kwa huruma ya kweli, kwamba hakuna ubishi wowote kuhusu ugonjwa. Paka ni mgonjwa na ugonjwa ni ule walioueleza. Lakini ni ugonjwa wa kazi, na ugonjwa wa kazi ni wa mwajiri. Bima ya paka haiwezi kulipa deni la mgodi. Tladi anapaswa kudai Ofisi ya Mapafu.

"Akifa kabla?" Mme Nthofela akauliza.

"Sanduku na kibao viko palepale, mama. Hivyo hatuvigusi."

Akamkuna Tladi nyuma ya sikio, akavaa viatu, akaondoka. Jumatatu iliyofuata sanduku la oksijeni lilikuwa na paka mwingine.

Ofisi ya Mapafu huja Welkom mara moja baada ya miezi miwili na gari lenye mashine ya picha, hulisimamisha nje ya ukumbi wa zamani wa mgodi. Mwezi wa Agosti Tshediso alifika saa kumi na moja alfajiri na mfuko wake wa sokoni. Watu walikuwa wamekwisha kujipanga ukutani na mablanketi yao. Zamu yake ilifika saa nane mchana. Wakampiga picha yeye, wakampiga na Tladi, kwa kuwa barua ya bima ilisema hivyo. Karani alikuwa binti mdogo mwenye kucha ndefu, Refilwe, mwenye haraka lakini si mbaya wa moyo. Alizitazama picha mbili, akafungua faili, akazitazama tena.

"Ntate Mosia, faili lako linasema una vumbi daraja la pili."

"Ndiyo, mwanangu."

"Picha inasema huna kitu. Mapafu yako masafi kuliko yangu."

"Limehamia kwa paka."

"Hilo nimeliona, daraja la pili lilelile." Akagonga kucha mezani. "Shida ni hii. Wewe una kumbukumbu ya kazi miaka ishirini na sita, lakini ugonjwa huna. Yeye ana ugonjwa, lakini kwenye vitabu vya mgodi hayumo. Sasa nimlipe nani?"

"Tugawane."

"Haigawanyiki, Ntate. Lazima mwili mmoja uwe na vumbi na karatasi. Leo nikituma picha hii wanafunga faili lako, basi, na likifungwa halifunguki." Akaigeuza picha ya Tshediso uso chini. "Nitasema mashine iliharibika. Nakupa wiki mbili, nitarudi kwa waliokosa. Amueni nyumbani nani ni mgonjwa."

Akafika nyumbani, akamweka Tladi karibu na jiko. Paka hakuweza tena kulala kwa ubavu. Alikaa ameinua kidevu, mdomo wazi, na kila pumzi ilikuwa inapiga mluzi mwembamba. Mme Nthofela alikuwa anamenya viazi. Tshediso akamsimulia yote.

"Mwache," mama akasema bila kuinua macho. "Mwache afe na lake. Huenda nilikosea. Huenda halirudi."

"Umewahi kukosea?"

Kisu kikasimama. "Tshediso. Umeimba Jumapili tisa. Nimehesabu. Kaa nami."

"Likirudi akifa, linarudi lote kwa mkupuo. Na faili litakuwa limefungwa, wewe utabaki na nini? Kibao cha paka?" Akavua koti. "Nikilichukua mwenyewe naweza kulibeba mpaka karatasi zitoke. Nilishalibeba miaka kumi na tisa, nalijua. Yeye hakuajiriwa."

Mama akaendelea kumenya. Alimenya viazi vyote vya ndoo, vya wiki nzima.

Ilikuwa saa kumi na moja jioni, jua la baridi limeingia mpaka kitandani. Tshediso akalala chali, akafungua vifungo vya shati, akamweka Tladi kifuani kama zamani.

"Lete," akamwambia.

Ilichukua siku tatu. Siku ya nne Mme Nthofela alisikia kikohozi kikianzia chini kabisa, kikipanda, na hakuhitaji kugeuka. Tladi alikuwa miguuni pake anadai vichwa vya samaki.

Gari liliporudi, picha ikaonyesha vumbi daraja la tatu. Refilwe akasema ndivyo linavyokuwa likikaa nje likarudi, akagonga muhuri, akamshukuru Ntate kwa ushirikiano. Faili likabaki wazi. Tshediso alirudi nyumbani kwa gari la jirani, maana hatua kumi zilikuwa zimekwisha kuwa nyingi kwake. Na wiki sita baadaye barua ikaja kutoka Ofisi ya Mapafu, na kila kilichodaiwa kikalipwa, na Ntate Tshediso akawekewa nyumbani sanduku lake la oksijeni lenye taa ya bluu.

Nilipofika hapo, siku niliyokuwa nasimulia haya nje ya ule ukumbi wa mgodi, mtu mmoja alinyoosha mkono. Alikuwa mgeni, ametoka Lesotho, mara yake ya kwanza kwenye foleni ile, nami nilikuwa namsimulia ili ajue taratibu zilivyo. Alikuwa ananisikiliza vizuri tangu mwanzo, anatikisa kichwa kukubali: paka, vumbi, sanduku, siku tatu za kurudishana.

"Wiki ngapi, Ntate?"

"Sita."

"Ofisi hii?"

"Hiihii."

Akawatazama wenzake. Benchi zima likapasuka kicheko, watu kumi na wawili, kicheko kikageuka kikohozi, kikohozi kikapita kutoka mtu wa kwanza mpaka wa mwisho na kurudi.

"Mwongo huyo!" mzee mmoja akasema alipopata pumzi. "Wiki sita! Haoni hata aibu!"

"Nilikuwa namngoja afike hapo," Mme Selloane akasema. Alikuwa amekuja kumsindikiza Mme Nthofela. "Sema ukweli, wewe. Mwenyewe si huyu hapa amekaa?"

Mme Nthofela alikuwa mwisho wa benchi, mweusi tii kwa nguo za eda, namba yake mkononi, mfuko wa sokoni magotini. Hakunikasirikia. Alingoja tu, kama anavyongoja kila kitu.

Nikavua kofia. Ukweli ni kwamba barua haikuja. Tshediso alikufa tarehe tatu Septemba, saa nne asubuhi. Tladi alijaribu kupanda kifuani, naye akamsukuma chini kwa mkono, mara mbili. Sanduku alilozikiwa lilitoka kwa chama, na sufuria zilitimia. Bima ya paka bado inalipwa, kwa sababu kuivunja kunahitaji saini ya marehemu. Faili linashughulikiwa.

Kuhusu paka kubeba vumbi la mtu hakuna aliyeuliza kitu.

Kwenye benchi lile kuna sheria, nayo naifahamu kwa kuumizwa nayo: anayekamatwa na uongo huwanunulia wote makwenya, yale maandazi makubwa ya mafuta yanayouzwa pale getini. Nikaenda. Mama muuzaji akaniuliza ni mangapi safari hii.

"Kumi na wawili wa benchi," nikasema, "na wale mama wawili. Na kichwa cha samaki. Tladi naye yuko kwenye foleni."

Akanifungia kwenye gazeti, kichwa cha samaki pembeni peke yake, akaniambia nifanye haraka, wameanza kuita namba.